Hospitali inataka kumruhusu Mama, na sisi hatujaelewana tumpeleke wapi

Kwako Dada Mshauri,

Nakusalimu sana. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja na nimeajiriwa katika duka la nguo Eastleigh. Mwezi uliopita Mama yetu, ambaye ana miaka 63, alianguka jikoni kwake Makueni. Tuliambiwa ni kiharusi. Aliletwa Nairobi na amelazwa tangu siku hiyo.

Upande wake wa kulia umelegea. Mguu umeanza kujibu kidogo, lakini mkono bado. Ukimwambia kitu anaelewa, ila maneno hayatoki. Anasema "hii, hii," kisha machozi yanamtoka. Akinywa chai anakohoa. Anaweza kuketi kitandani ukimshikilia, na bado ana mpira wa mkojo.

Juzi daktari alituambia Mama ametulia, presha imeshuka, na mwisho wa wiki hii ataruhusiwa. Akasema anachohitaji sasa ni mazoezi ya viungo. Nilipouliza tumpeleke wapi, nikajibiwa, "Tafuteni kituo kizuri." Matata yalianzia hapo.

Kaka yetu anafanya kazi Doha na ndiye anayetuma pesa nyingi. Ameona picha za kituo kimoja huko Karen, kina bustani na vyumba kama vya hoteli, na ameshaamua. Dada yetu kitinda mimba anasema huo ni upotevu wa pesa, Mama arudi Makueni kwa shangazi, kwa sababu kuna mama mmoja pale kijijini anayekanda wagonjwa wa kiharusi na wanatembea. Mimi nilifikiri nimchukue kwangu, lakini naishi orofa ya tatu na hakuna lifti. Kana kwamba hayo hayatoshi, mfanyakazi mmoja wa hospitali alinivuta kando akanipa kadi ya nyumba fulani ya kuuguza wagonjwa. Akaniambia nikifika nimtaje jina. Nilipopiga simu waliniambia nafasi imebaki moja na nitume malipo ya awali kwa M-Pesa leo leo.

Mchango wa jamaa na kanisa umelipa sehemu ya bili ya hospitali na sina uso wa kuomba tena. Na kuna mama wa kanisani aliyeniuliza mbele ya watu, "Mama aliyekuzaa utampelekaje kwa watu baki?" Tangu aseme hivyo silali.

Nichague vipi? Siku zinakwisha.

Kifungua Mimba, Umoja

*

Dada yangu Kifungua Mimba,

Pole sana. Mpe Mama pole zangu pia, na umpe mwenyewe masikioni mwake, kwa sababu umeniambia anaelewa. Hilo nitalirudia baadaye maana ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Nyumbani mnabishana kuhusu mahali: Karen, Makueni, Umoja. Naomba muache mahali kwa muda mjiulize kitu kingine. Mama akitoka huko mtakakompeleka, mnataka awe anaweza kufanya nini? Usiniambie "apone". Niambie jambo ambalo mtu anaweza kuliona kwa macho. Ahamishwe kutoka kitandani hadi kitini na mtu mmoja badala ya watatu. Aende msalani bila ule mpira. Ameze uji bila kupaliwa. Aonyeshe ndiyo na hapana mtu akaelewa. Ukisoma barua yako vizuri, hayo manne yamo ndani yake. Kituo mtakachochagua kinafaa kipimwe kwa hayo manne.

Kabla hujaenda kutazama kituo chochote, rudi wodini kesho asubuhi. Mtafute mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye amekuwa akimhudumia Mama, akupe dakika kumi. Mwulize: kwa jinsi alivyo leo, unatarajia afike wapi kwa mwezi mmoja, na anahitaji mazoezi kiasi gani ili afike? Yeye amemshika Mama kwa mikono yake. Neno lake lina uzito kuliko picha alizoona kaka yenu kwenye simu.

Halafu kuna kile kikohozi cha chai. Hilo limenishtua kuliko yote uliyoandika. Kiharusi hudhoofisha misuli ya koo, na kinywaji chepesi kama chai au maji huteleza kuelekea kwenye mapafu. Matokeo yake ni nimonia, na nimonia ni mojawapo ya mambo yanayowaua wagonjwa wa kiharusi ambao tayari walikuwa wameanza kupata nafuu. Mwombe daktari Mama apimwe namna anavyomeza kabla ya kuruhusiwa, na muandikiwe ale nini, kizito kiasi gani, na kwa mkao gani. Mpaka mjibiwe, aketi wima kabisa anapokula au kunywa, apewe kidogo kidogo, na asilazwe mara tu baada ya chakula. Akae hivyo kama nusu saa. Asinyweshwe akiwa amelala hata kama ni maji ya kumezea dawa.

Uliza pia kama ule mpira wa mkojo bado unahitajika. Wakati mwingine unabaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuliza, na kila siku unapokaa unaongeza hatari ya maambukizi. Kama lazima aondoke nao, mwambiwe utabadilishwa lini na nani.

Usitoke hospitalini bila ripoti ya maandishi yenye ugonjwa, matibabu aliyopewa na majina ya dawa zote na vipimo vyake. Chukua na picha za kichwa alizopigwa. Kituo kitakachompokea bila kuomba karatasi hizo kimeshakuambia kitakavyomwangalia. Na mwisho wa wiki si amri isiyojadilika. Kama hajapimwa kumeza, au hakuna mahali salama pa kwenda, mwambie daktari waziwazi na umwombe asogeze tarehe. Najua kila usiku wa ziada unaongeza bili. Lakini mgonjwa akirudishwa na nimonia baada ya siku chache, bili inaanza upya.

Sasa vituo vyenyewe. Hapa Nairobi usiamini jina lililo langoni. Mabango mengi yaliyoandikwa "rihabu" ni ya kuwasaidia watu waache pombe na dawa za kulevya. Hizo ni nyumba zinazosimamiwa na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na si za Mama. Nyingine zinajiita nyumba za kuuguza, na ukiingia unakuta ni hospitali ndogo ya kujifungulia. Nyingine tena ni nyumba za wazee, zina watu wema wanaolisha na kuosha, lakini hakuna anayemfundisha mgonjwa kusimama. Kuna watakaokuelekeza hospitali ya kitaifa ya majeruhi wa uti wa mgongo kule Lenana Road. Hiyo ni ya serikali na inaheshimika, ila kazi yake hasa ni walioumia mgongo. Shida ya Mama imeanzia kichwani.

Ukifika kwenye kituo, swali langu la kwanza lingekuwa hili: Mama atafanya mazoezi saa ngapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki, na nani? Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia. Kusimama mara moja kwa siku hakumfundishi mtu kusimama. Nafuu ya haraka zaidi huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa haikomi hapo. Mama ameshatumia mwezi wa kwanza. Huko Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka 2023 unapendekeza mgonjwa wa kiharusi apewe angalau saa tatu za tiba kwa siku, siku tano kwa wiki, ikiwa anaweza kuhimili. Saa hizo hugawanywa kati ya viungo, shughuli za mikono, na matamshi. Wodi maalumu za aina hiyo kule Marekani nazo hufuata kipimo kinachokaribia hicho. Sikuambii utazipata saa tatu kila lango unalobisha hapa mjini. Nakuambia ili ujue umbali uliopo kati ya kipimo hicho na jibu la "mtaalamu huja Jumanne na Ijumaa, nusu saa". Ukijibiwa hivyo, mnalipia kitanda. Na kitanda mnaweza kumpa Mama kwa bei nafuu mahali pengine.

Omba umwone huyo mtaalamu mwenyewe. Usikubali kuonyeshwa meneja peke yake. Hapa Kenya wataalamu wa tiba ya viungo wana baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na kila anayefanya kazi hiyo anatakiwa awe amesajiliwa. Omba kuona leseni yake ya mwaka huu. Nacho kituo kinapaswa kuwa na leseni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na hospitali, na kwa kawaida hutundikwa ukutani karibu na mapokezi. Itazame mwaka. Usione haya kuuliza. Anayefanya kazi halali hukuonyesha na kukusifu kwa kuuliza.

Kwa hali ya Mama mtaalamu wa viungo peke yake hatoshi. Mwulize kama wana mtaalamu wa tiba ya kazi, yule anayemfundisha mtu upya kujivisha, kujilisha na kujiosha akitumia mkono mmoja. Na kwa kuwa maneno hayatoki, mnahitaji mtaalamu wa matamshi, ambaye ndiye pia anayeshughulikia kumeza. Hawa wa mwisho ni wachache nchini, kwa hiyo usikate tamaa kituo kikisema huja mara moja kwa wiki. Cha muhimu ni awe anakuja kweli, na awafundishe wauguzi na nyinyi watoto mazoezi ya kufanya siku ambazo hayupo.

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza wapigie simu uende wakikungoja. Mara ya pili usiwaambie, na uende saa ya chakula cha mchana au Jumapili jioni, wakati meneja hayupo. Simama tu utazame. Je, wagonjwa wamelishwa wakiwa wameketi, au wamelala? Je, wameinuliwa kwenye viti, au saa nane mchana wote wako kitandani na televisheni inaongea peke yake? Mgonjwa akiita, anangoja kwa muda gani? Vuta pumzi. Harufu ya mkojo iliyokaa haifichiki kwa dawa ya sakafu. Uliza usiku huwa na wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi, na uliza wagonjwa wasioweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya muda gani. Jibu unalotaka kusikia ni saa mbili, na uonyeshwe daftari linaloandikwa. Vidonda vya kulalia huanza na wekundu mdogo kwenye makalio au kisigino, na vikishachimba ni miezi ya maumivu.

Kisha mshike pembeni mtu mwenye mgonjwa pale. Si lazima umjue. Watu wa Nairobi wenye wagonjwa huambiana ukweli kwenye benchi la nje kuliko popote pengine.

Jambo moja zaidi usilisahau ukiwa pale. Mtu aliyepata kiharusi yuko katika hatari ya kupata kingine, hasa katika wiki na miezi ya mwanzo. Uliza presha hupimwa mara ngapi kwa siku, nani huandika, na ikipanda saa saba usiku wanafanya nini. Daktari gani anaitwa? Gari linatoka wapi? Hospitali gani inampokea? Kama jibu ni "tutakupigia simu," waambie hilo halitoshi. Mdomo ukipinda ghafla, au ule mkono wa kushoto ulio mzima ukilegea, au hata hayo maneno machache yakipotea, ni hospitali wakati uleule.

Sasa pesa, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi pamoja na yule mama wa kanisani. Usikubali bei ya mdomo. Waandike bei ya siku na waandike imejumuisha nini. Mara nyingi unatajiwa bei ya kitanda na chakula, halafu mwisho wa mwezi unakuta tiba ya viungo ilihesabiwa kando, pampasi kando, dawa kando, daktari aliyepita kando, hata glavu. Piga hesabu ya wiki nne yote ndani, mtumie kaka yako hiyo, badala ya picha ya bustani. Uliza pia malipo ya awali yanarudishwa vipi Mama akitoka mapema au akirudishwa hospitalini.

Kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, kuwa na usajili peke yake hakutoshi. Kama Mama bado hajasajiliwa au hali yake ya malipo haijakamilika, shughulikieni hilo leo. Usajili unaanza kwa *147#. Kisha ongea na dawati la SHA hapo hospitalini kabla hajatoka: kituo hiki mnakitambua, kina mkataba, na huduma gani hasa mtalipia? Mkiulizia baada ya kuhama mtakuwa mmechelewa. Kama kituo kinasema "tunachukua SHA", waambie wakuonyeshe idhini yenye jina la Mama. Kama kaka yako ana bima ya kazini inayohusisha wazazi, afuatilie yeye mwenyewe akiwa huko huko Doha. Hiyo itampa kazi halisi zaidi ya kutuma pesa, na nadhani anaihitaji. Anayelipa kutoka mbali mara nyingi huchagua kinachong'aa kwa sababu ndicho anachoweza kukiona. Mweke kwenye simu ya video siku mtakapozungumza na mtaalamu, aulize mwenyewe habari za saa za mazoezi. Huenda mkapatana bila kugombana.

Ile kadi iweke kando. Mtu anayekuambia umtaje jina huenda analipwa kwa kila mgonjwa anayempeleka. Hilo halimaanishi nyumba hiyo ni mbaya, lakini linamaanisha ushauri wake si wa bure. Na popote wanapokuambia nafasi imebaki moja, tuma pesa leo, jibu ni hapana. Hujaona hata kitanda.

Nitakuambia ninavyoona mimi kuhusu mahali, ukijua kwamba sijamwona Mama.

Karen ni ng'ambo ya pili ya mji kutoka Umoja. Ukitoka kazini Eastleigh jioni, uvuke katikati ya mji, ushike Ngong Road na ile foleni, utafika saa za kutembelea zimekwisha. Wiki ya kwanza utaenda kila siku. Ya tatu utaenda Jumapili. Na mgonjwa anayetembelewa hupata nafuu vizuri zaidi na huangaliwa vizuri zaidi. Wauguzi nao ni binadamu, wanajua nani ana mwenyewe. Kama kile kituo cha Karen kitajibu maswali yote hapo juu na pesa zipo, sikatai, lakini basi panga zamu za kweli za kumtembelea. Kama kuna kingine upande wenu wa mashariki au kando ya Thika Road chenye mazoezi mengi na ukuta usio na maua, mimi ningechukua hicho.

Makueni kwa sasa ningesema hapana, na umweleze mdogo wako kwa upole, kwa sababu anachotaka ni Mama awe miongoni mwa watu wake, na hilo si kosa. Tatizo ni ule mkono. Bega la upande uliolegea halina misuli ya kulishikilia, na likivutwa wakati wa kukandwa au kumwinua hutoka mahali pake na kuuma kwa miezi. Maji ya moto na mafuta ya moto ni hatari pia, kwani huenda upande huo hausikii joto vizuri. Ataungua bila kupiga kelele, na hana maneno ya kuwaambia. Mwambieni shangazi hivyo hivyo. Kumpaka mafuta polepole na kumwombea hakuna ubaya. Kumvuta mkono, hapana. Hata wewe unapomwinua, usimshike kwapani wala usimvute kwa mkono ule. Mwombe mtaalamu akuonyeshe.

Ninachokiona kinawezekana ni wiki chache za mazoezi ya nguvu kwenye kituo, kisha nyumbani. Na nyumbani kunaandaliwa kuanzia siku anayoingia kituoni. Orofa ya tatu haiwezekani, dada. Kila safari ya kliniki mtambeba kwenye ngazi, na siku moja mtaanguka naye. Tafuta chumba cha chini hapo hapo Umoja, hata kikiwa kidogo kuliko ulicho nacho. Tofauti ya kodi na gharama ya kuhama huenda ikawa chini ya wiki mbili za kituo. Pima mlango wa choo kabla ya kulipa, kama kiti cha magurudumu kinapita. Ukiwa hapo, Mama Lucy Kibaki ni jirani yenu na wana tiba ya viungo, kwa hiyo mazoezi yanaweza kuendelea akitokea nyumbani. Kuhusu kiti chenyewe, usinunue cha kwanza unachokiona dukani. APDK, chama cha watu wenye ulemavu kilichoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti hapa Nairobi, na kiti kinachomtosha mtu vizuri humzuia asipinde mgongo na kupata vidonda. Kama udhaifu utabaki, mtamsajili kwa baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, lakini hilo haliharakishwi wiki hii.

Waambie kituo mapema kwamba wewe, au yeyote atakayekaa na Mama, mnataka kufundishwa. Kumgeuza, kumhamisha, kumlisha, mazoezi ya vidole. Siku mbili au tatu kabla ya kutoka mfanye nyinyi wenyewe, muuguzi akitazama tu. Kituo kinachowakataza jamaa wasiingie kwenye chumba cha mazoezi, mimi nisingempeleka mtu wangu huko.

Yule mama wa kanisani, simjui, na pengine anakupenda. Lakini alichokisema si kweli. Kumtupa mzazi ni kumwacha mahali na kutorudi. Wewe unatafuta watu wenye ujuzi wa kumsimamisha Mama tena, ujuzi ambao wewe huna na hakuna aliyekuuliza uwe nao. Ungemshauri Mama aliyevunjika mguu asiende kwa daktari wa mifupa kwa sababu ana watoto? Akikuuliza tena, mwambie zamu ya kumtembelea Mama Jumatano iko wazi, na kanisa likiweza liishike. Huo utakuwa msaada mkubwa kuliko mchango mwingine.

Na sasa nirudi kwa Mama. Katika barua yako nzima kila mtu amesema anachotaka, hata mfanyakazi wa hospitali. Yeye hajaulizwa. Najua maneno hayatoki, lakini akili iko. Yale machozi baada ya "hii, hii" ni ya mtu anayejua anachotaka kusema na kinakwama. Keti upande wake wa kushoto, mkiwa wawili, redio imezimwa. Muulize jambo moja kwa wakati mmoja, kwa lugha aliyokulelea, kama ni Kikamba basi Kikamba. "Mama, unataka tukupeleke mahali pa mazoezi kwanza?" Ngoja. Ngoja zaidi ya unavyofikiri inatosha. Wagonjwa wa aina hii wakati mwingine hutikisa kichwa ndiyo wakimaanisha hapana, kwa hiyo muulize tena kwa njia nyingine, umpe akunje ngumi au aonyeshe picha kwenye simu, uone kama jibu ni lile lile. Mweleze pia kwamba si kwa kudumu, na mwambie nani atakuja lini. Kadiri ya mgonjwa mmoja kati ya watatu huingia katika huzuni nzito baada ya kiharusi, na huzuni hiyo humfanya akatae chakula na mazoezi. Ina dawa na ina msaada wake, kwa hiyo ukiiona mwambie daktari kama ungemwambia kuhusu homa. Lakini mtu aliyeshirikishwa huanza akiwa na nguvu kuliko yule aliyepakiwa kwenye gari akifikiri watoto wamemchoka.

Fanya hilo kabla ya simu ya familia, ili ukiingia kwenye simu hiyo uwaambie ndugu zako kwanza Mama alichosema. Kisha niandikie ukishaona angalau vituo viwili, unieleze walivyokujibu kuhusu saa za mazoezi na kuhusu usiku. Tutavipima pamoja.